Viti Viwili Ndani ya Bati

Ndugu yangu Laurenti,

Mvua za masika zimekuja na kwisha tangu tukuzike Buswelu. Kiti chako katika chumba cha walimu sasa hukaliwa na mwalimu mpya wa sayansi. Ana adabu, lakini hachongi chochote. Dirishani palipokuwa na makopo yako ya rangi pamewekwa majembe ya shamba la shule.

Nakuandikia kwa sababu ya kile chombo cha angani ulichokuwa ukikichonga. Mkeo Domina aliniletea kikiwa ndani ya sanduku la sabuni: urefu wa kiganja na nusu, mbao laini na bati la kopo la maziwa. Ulikuwa umekwisha kukipaka rangi nyeupe ya mafuta. Kilibaki kutiwa vivuli kwa wino tu. Akasema, "Shemeji, mwanetu Koku anakingoja huko Nansio. Baba yake alimwahidi kwa ajili ya darasa analofundisha. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye akiifanya kazi hii."

Ni kweli nilikaa nawe. Sikumwambia Domina kwamba nilikaa nikikudhihaki. Unakumbuka siku niliposema mbele ya walimu wote kwamba taifa linalima kwa jembe la mkono na wewe unachezea roketi. Wenzetu walicheka. Wewe uliendelea kufuta bati kwa kitambaa, ukasema, "Mwalimu, na wewe utapanda. Nitakuwekea kiti." Sikukuomba radhi. Nilidhani muda upo.

Basi nikashika brashi yako. Unajua nilivyo. Miaka yote nimewaadhibu wanafunzi walioongeza maji katika wino wa shule, kwa kuwa niliona ni udanganyifu. Nikachovya katika wino mzito, nikapaka. Ukajikusanya matone matone juu ya rangi ya mafuta, ukakauka mabaka. Chombo chako kikafanana na sufuria iliyoungua. Nilikitazama, Laurenti. Niliona nimekukosea mara ya pili.

Domina alipokuja kukiulizia, hakukasirika. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Shemeji, hapa huandiki barua. Marehemu alikuwa akitia maji mengi, na povu la sabuni kidogo, ili wino ukubali kushika."

Akayafuta mabaka kwa kitambaa kibichi. Nikazimua wino mpaka ukawa mwepesi kama chai ya mgonjwa, nikagusa mifereji uliyoichora kwa msumari. Ukatiririka wenyewe, ukatuama penye kina. Nikafuta juu, nikangoja, nikarudia. Mara ya tatu ubavu mmoja ukawa kama umepigwa na jua, na mwingine ukaingia kivulini. Ndipo nilipoona, kwenye bati lililo nyuma ya dirisha la mbele, mistari myembamba ambayo kabla ya wino haikuonekana kabisa. Ulikuwa umechora viti viwili.

Domina aliniona nikivua miwani.

Baka moja chini ya injini limekataa kutoka. Nimeliacha, ni langu.

Jumamosi nitapanda meli kwenda Nansio, nikakabidhi chombo kwa Koku mwenyewe. Nitamweleza nilivyoisema kazi ya baba yake, na nitamweleza mbele ya walimu wenzake, kwa kuwa nawe nilikusema mbele ya walimu. Hilo nakuahidi.

Pumzika, ndugu yangu. Kiti changu nimekiona.

Mwalimu mwenzako