Sufuria Kubwa Iko Juu ya Kabati

Baba Watoto,

Mboga imefunikwa jikoni, uipashe tu. Dawa ya kikohozi ya mdogo ni baada ya kula, si kabla. Mteja wa sare akija, mwambie kesho ~~asubuhi~~ jioni, cherehani imenishinda.

Asubuhi nimeshindwa kuishusha sufuria, ukacheka mbele ya watoto: “Uvivu umehamia begani.”

Bega halina kitu. Wiki iliyopita yule mama wa mazoezi ya viungo kule kliniki aliniambia kinachouma ni kiungo cha taya, na misuli ya taya, shingo na bega huvutana. Aliniwekea pamba katikati ya magego, mkono ukapanda hadi usawa wa sikio. Nililia pale pale.

Akaniuliza huwa nakaza meno saa ngapi. Nikasema usingizini. ~~Labda ni kweli.~~ Nilimdanganya. Huwa ni hapa mezani, wewe ukiongea.

Nimerudi kwake kumwambia ukweli. Ndugu zako wakija jioni, sufuria ishushe mwenyewe.

Mama Watoto