Oili ya Kufika Kigoma

Yakobi, Njombe

Mdogo wangu Obed,

Nina gari, tena jipya, viti bado vina nailoni! Dulla, fundi wangu wa Makambako, alitaka nimwage oili kwenye kilomita elfu moja tu. Nikamwonyesha kitabu cha gari: ukiweka oili ya sintetiki, unaimwaga kwenye elfu kumi. Akacheka. "Kwa vumbi la kwenu Yakobi, dada, usipite elfu tano."

Jana zile elfu moja zilitimia, akaweka sintetiki. Mama alikaa kiti cha mbele. Tangu tumzike baba bila wewe, hajakusema vibaya hata siku moja. Alimuuliza Dulla jambo moja: oili hiyo inatosha kwenda huko kwako Kigoma na kurudi?

"Na inabaki, mama!"

Basi Jumamosi tunakuja kukuchukua. Safari hii usihame chumba, tusije tukakukosa tena.

Dada yako mwenye gari,
Eveline