Taarifa Iliyosubiri Kizuka

Jumatano, Rumonge. Mvua ya alfajiri imeacha matope na harufu ya mawese kila mahali. Nimechoka, lakini nisipoandika leo sitalala.

Asubuhi tulipata habari kwamba Fabrice, mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, amekufa maji. Jana jioni aliingia Ziwa Tanganyika kumtoa mwenzake aliyezidiwa na mawimbi. Mwenzake yuko hai. Fabrice amekutwa na wavuvi leo.

Kabla hata hatujaketi ofisini, simu zilianza kulia. Mitandaoni watu walikuwa wanauliza jina, na mkuu wa chuo alitaka taarifa itoke hapo hapo, kabla uvumi haujatutangulia. Mimi nilikuwa nimeshaiandika. Ilikuwa nzuri, nasema kweli, na picha yake nilishaitafuta.

Bosi wangu, Madame Zaina, mkurugenzi wa mawasiliano, aliisoma, akauliza neno moja tu.

"Mama yake anajua?"

Nilijaribu kumpigia. Mama anaishi kijijini Kizuka, kazi yake kukamua mawese, na simu yake ilikuwa haipatikani. Madame akamwambia mkuu wa chuo kwamba jina halitoki mpaka mama aambiwe ana kwa ana. Mkuu alipandisha sauti hata mimi niliyekaa mbali nikasikia: taarifa ikichelewa, atatafuta mkurugenzi mwingine. Madame akajibu sawa, akachukua mtandio wake tukatoka.

Ndivyo alivyo.

Ukimwona Jumapili kule Magara akibishana na wachuuzi juu ya mukeke, samaki wa kuchoma, au akishangilia mpira wa wasichana mpaka sauti inakauka, huwezi kudhani ana msimamo mgumu hivyo. Ni binti wa Kiswahili wa hapa hapa Rumonge. Alianzia redioni, miaka mingi akisoma matangazo ya vifo, kisha akaenda kwenye magazeti, kisha chuoni. Watu wanasema amepanda cheo. Yeye husema kazi ni ile ile, kujua nani asikie kwanza.

Njiani tulimpitia mjomba wa Fabrice. Tulipofika Kizuka, hakuna aliyekuwa ametutangulia kwa mama. Madame akabaki nyuma, kimya kabisa. Nilishangaa: msemaji wa chuo, halafu hasemi? Baadaye akanieleza kwamba nyumba nyingi za huku zinaijua sauti yake tangu redioni. Angesema hata salamu, amahoro tu, pale mlangoni, mama angeelewa kabla hajapata pa kukaa. Basi mjomba ndiye aliyesema.

Kilio kile sitakiandika.

Mama alipotulia kidogo, ndipo Madame akamsogelea, akamshika mikono iliyojaa mafuta, akamuuliza angependa tuseme nini juu ya mwanawe. Miaka yote ya kazi hii, mimi sijawahi kumuuliza mtu swali hilo. Mama akasema:

"Muandike mutoto yangu alikuwa anajua kuogelea. Watu wasiseme alikuwa anachezea maji."

Tumeandika hivyo. Maneno yangu mazuri nimeyafuta yote, na wala hayaniumi. Jioni mkuu wa chuo amepiga simu akitaka sentensi ile iondolewe, eti haina uzito. Madame amemjibu kwa upole kwamba sentensi nyingine zote ni za chuo, hiyo moja ni ya mama wa Fabrice. Taarifa imetoka nayo.

Sijui kama wiki ijayo atakuwa bado bosi wangu. Nimefanya kazi na watu wanaojua kusema, wengi tu. Huyu ninamheshimu mpaka ninaogopa, kwa sababu najiuliza: siku nikiwa peke yangu, simu zinalia na mkubwa ananifokea, nitathubutu kunyamaza?

Kesho tunamzika Fabrice. Madame ameniambia kamera niiache ofisini.