Namba Nne Hakusimama

Boma, Musoma
4 Mei 1953

Mpendwa shemeji Felisian,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia. Hamjambo wewe, dada Dorotea na watoto? Kifua cha mdogo kimepoa?

Bwana Shauri, mkubwa wetu hapa Boma, amepata piano kwa mzungu mmoja aliyerudi kwao, akaiweka katika ukumbi mpya wa Mukendo. Akauliza ofisini nani anajua kuipiga. Jilala, mwenzangu wa taipu, akaninyooshea kidole kabla sijainama. Basi nimeamriwa kupiga siku ya kufungua ukumbi, Jumamosi tarehe 30. Piano ni nzuri, isipokuwa kibao kimoja cha mkono wa kushoto kimekufa. Ukikigonga hutoa mlio wa mti tu. Nakikwepa katika kila wimbo.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Nimetunga nyimbo fupi zisizo na maneno, na kila moja ni picha ya rafiki yangu. Yumo Jumanne fundi cherehani, yumo Ghati muuza samaki, yumo Jilala. Nawe umo. Sitataja majina, nitasema namba tu, maana naogopa watu watasema nawadhihaki. Lakini unakumbuka harusi yenu Butiama, mzee Machage alipopiga litungu, zeze lake la nyuzi nane, na kila aliyejisikia anasifiwa akasimama? Nimeomba iwe vivyo hivyo. Mtu akijisikia, asimame. Asiposimama mtu, nitajua sikutunga kitu, na piano hiyo sitaigusa tena.

Tafadhali njoo.

Shemeji yako,
Masatu


Bunda
13 Mei 1953

Shemeji Masatu,

Barua yako imefika, nikaisoma kwa sauti, dada yako akacheka mpaka akaketi chini. Sisi wazima. Mtoto amepona kifua, sasa anakohoa kwa kuiga tu apewe asali.

Unaogopa nini? Tulipokuwa shule Mugango ulikuwaga unashtushwa na kengele, na mgonga kengele ni wewe mwenyewe. Mimi mamba aliuonja mguu wangu akaurudisha, akaona hauna ladha, na wiki ile ile kidonda kilipofunga nilirudi kuoga ziwani.

Nitakuja na lori la kiwanda. Vijana wa mizani hapa kwenye pamba nimewaambia kwamba nimepigwa picha kwa piano. Hawaamini. Dorotea anainyoosha suruali yangu nyeupe, ile ya harusi. Nitasimama kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Shemeji yako,
Felisian


Boma, Musoma
1 Juni 1953

Mpendwa shemeji,

Natumaini mlifika salama na lori halikuwasumbua. Mimi sijambo.

Uliondoka bila kuniaga. Namba moja Jumanne alisimama na futi yake shingoni, watu wote wakamwita jina. Namba mbili Ghati alisimama huku akisema, "Ni mimi huyo, nani mwingine ana kelele hizo?" Hata mzee Wankyo, mlinzi wa ukumbi, aliyekuwa namba tatu, alisimama mlangoni na rungu lake. Namba nne ulikuwa wewe. Niliipiga nikikutazama, nawe ulikuwa unatazama dari. Hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi kuliko zote. Bwana Shauri akaniuliza baadaye namba nne ni nani. Nikasema hakuweza kufika.

Kama nimekukosea, niambie.

Shemeji yako,
Masatu


Boma, Musoma
22 Juni 1953

Shemeji,

Habari za siku nyingi. Sijapata jibu. Nimeifunika piano kwa shuka. Msalimie dada.

Masatu


Bunda
6 Julai 1953

Shemeji Masatu,

Sisi wazima. Dada yako amesema nikiendelea kukunyima barua ataninyima ugali, kwa hiyo naandika nikiwa na njaa.

Siku ile nilikaa nikisubiri zamu yangu. Jumanne nilimtambua kabla hajainuka. Nikajisemea, shemeji anajua kazi. Namba nne ikaja laini kabisa. Nikamwuliza mama mmoja jirani yangu, "Huyu ni nani?" Akasema, "Labda padri." Nikangoja namba tano, ikawa Jilala. Ukainama, watu wakapiga makofi, mimi na suruali yangu nyeupe tukatoka. Nilidhani umenisahau. Barua yako ndiyo iliyonikasirisha, uliposema padri yule ni mimi.

Mguu wangu uko wapi? Mtu wa namba nne anatembea na miguu miwili iliyo sawa. Mimi simjui. Hapa kiwandani wakisikia hatua moja, halafu kimya kidogo, halafu fimbo, wanajua Felisian amefika na leo hakuna kuibiwa kwenye mizani. Dada yako alinijua kwa mwendo huo kabla hajaniona uso, muulize. Umeuficha kama watu wanavyomficha ndugu mlevi wageni wakija. Ulimwonea haya nani?

Shemeji yako,
Felisian


Boma, Musoma
20 Julai 1953

Mpendwa shemeji,

Nimefurahi kusikia mko wazima, na natumaini umeshakula.

Niliogopa watu watacheka. Wakicheka mwendo wako, nisingejua nifanye nini mbele yao. Basi nikakunyoosha kama dada alivyoinyoosha ile suruali.

Nimeondoa shuka, nimeanza upya. Mkono wa kulia unatembea, unaringa, unasalimia watu njiani. Mkono wa kushoto unachelewa, halafu unagonga kibao kile kilichokufa: ko. Ni fimbo yako. Sijatia huzuni hata kidogo, maana sikuiona kwako.

Juzi alikuja fundi wa piano kutoka Mwanza. Bwana Shauri akamwonyesha kibao kibovu. Shemeji, nikasema, "Hapana, bwana." Jilala, aliyekuja nasi ukumbini, alinifinya. Bwana Shauri akauliza kwa nini. Nikasema, "Hicho ni mguu wa shemeji yangu." Akamwambia fundi atengeneze vingine.

Nitapiga tena Jumamosi ya tarehe 1 Agosti. Safari hii nitataja majina.

Shemeji yako,
Masatu


Bunda
5 Agosti 1953

Shemeji Masatu,

Tumefika salama, wote wazima, na mtoto anatembea nyumba nzima akigonga kijiko ukutani, ko, akichechemea. Dorotea amemwacha aendelee.

Ulipotaja jina langu sikuinuka. Nilitaka kwanza kuhakikisha ni mimi. Mguu ulipochelewa, ukumbi mzima ukacheka, nikakuona mabega yanakupanda masikioni, lakini mikono haikusimama. Hapo ndipo nilipoinuka. Walikuwa wanacheka kama wanavyocheka vijana wa mizani nikiingia asubuhi, kwa sababu nimefika. Jumanne akanivuta koti, "Kaa, bwana, unatuziba." Nikamwambia, "Wimbo huu ni wangu. Ukiisha nitakaa."

Ni mfupi, lakini kwa mguu wangu ulikuwa mrefu. Mguu ulianza kuuma katikati. Sikukaa.

Shemeji yako,
Felisian