Mpira Unaobisha Hodi

Jumapili, baada ya alasiri. Mvua ilitutishia asubuhi, haikushuka, imeacha joto tu. Mbingu nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Leo kila kitu Kivinje kinakwenda polepole: kuku wa jirani, sauti ya redio, hata mkono wangu huu unaoandika.

Sijalala, lakini nahisi kama naota. Nikifumba macho naona mpira uko hewani, haujashuka.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonikalisha hapa.

Hawa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ana miaka kumi na mmoja, miguu mirefu na hasira za karibu. Anacheza softiboli shuleni kwao. Mwalimu Chande ndiye aliyeuleta mchezo huo, na magongo mawili mepesi na glovu chache zilizochakaa. Kwa asiyeujua: mmoja anarusha mpira, mwingine anasimama na gongo anausubiri. Akiupiga anakimbilia kituo cha kwanza. Akizungusha gongo akakosa mara tatu, ametoka. Bibi yangu aliposikia mwalimu anawagawia watoto gongo, alitaka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alidhani ni ile ya kunywa.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani nasubiri matokeo. Jioni zangu ni tupu. Kwa hiyo Hawa alipokuja kuniomba niwe namrushia mpira kwenye ule uwazi nyuma ya ukuta wa boma la zamani, nilikubali. Sikuwa na sababu ya kukataa, na mtoto haniogopeshi kama watu wazima wanavyoniogopesha.

Nilimrushia kwa miezi. Akawa hodari. Mpira ukija kama risasi, yeye anaupiga unagonga ukuta, njiwa wote wanaruka.

Sasa kosa. Mimi nikiangaliwa huharakisha. Darasani nikiambiwa nisome kwa sauti nilikuwa nameza nusu ya maneno ili nikae chini upesi. Mpira nao nilikuwa naurusha hivyohivyo: utoke mkononi haraka, macho ya watu yaufuate wenyewe, mimi yaniache.

Hawa alijifunza ile haraka yangu. Hakujua kwamba ni aibu.

Wiki mbili zilizopita wasichana wa Masoko walikuja kucheza. Mrushaji wao ni mrefu, mtulivu, kama mtu aliyetoka kuamka. Anaurusha mpira taratibu, kutoka chini. Unapanda, unatulia huko juu kama umesahau safari, halafu unashuka. Hawa alizungusha gongo mpira ukiwa bado uko njiani. Akakosa. Akakosa tena. Mara ya tatu alizungusha kwa nguvu mpaka akajizungusha mwenyewe, akakaa chini.

Watoto hawana huruma. "Hawa hewa! Hawa hewa!" Mmoja akapiga kelele, "Mwacheni jamani, anafukuza nzi kwenye samaki!"

Tulirudi nyumbani pamoja. Karibu na mlango wao akasema, "Dada Zai, ule si mpira. Ule ni dharau." Kisha akasema wakirudiana na Masoko, wakimcheka tena, anaacha. "Wallahi naacha."

Nilimwamini. Mimi mwenyewe nimeacha vitu vingi kwa kuchekwa mara moja. Kaswida niliacha. Kujibu maswali niliacha. Ukishaacha, hakuna anayekuja kukudai urudi, na huo ndio ubaya wake.

Nikajaribu kumsaidia kwa kumwambia, "Subiri." Kila mtu alimwambia hivyo. Subiri mpira, Hawa, subiri. Akawa anakakamaa kama nguzo, mpira unapita, ndipo anapiga.

"Nisubiri mpaka lini?" aliniuliza.

Nyumbani nami naambiwa neno hilohilo kila siku, subiri matokeo, na sijawahi kuujua urefu wake.

Jumanne hakuja. Alikuwa ameacha kofia yake kwangu, nikaenda kumpelekea. Nilisimama mlangoni kwao nikasema hodi, na kabla sijajua nimeshageuka niondoke. Ndivyo ninavyobisha mimi. Moyoni huwa naomba wasisikie.

"Nani huyo anabisha hodi huku anakimbia?" Mama yake Hawa alikuwa uani, anakuna nazi. "Zai? Hodi tatu kwa pumzi moja, mwanangu, nani atawahi kuitika? Sema hodi. Mpe mtu nafasi ya kunyanyuka. Sema tena. Haya, karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko chumbani, kanuna. Hata uji kauacha."

Nilikaa kwenye mkeka na kofia mapajani. Mama alirudi kwenye mbuzi yake, nazi ikawa inadondoka kwenye sinia, nyeupe, bila pupa. Na pale, sijui kwa nini pale, nikauona mpira wa yule msichana wa Masoko. Unatoka mkononi: hodi. Unafika juu, unatulia: hodi. Unashuka mpaka mlangoni.

Karibu.

Hawa alikuwa anaitikia karibu kabla mgeni hajafika uani. Na mimi ni mgeni anayekimbia kabla ya kuitikiwa. Tumefanana, kumbe.

Jumatano tulirudi nyuma ya ukuta. Nilimweleza. Hodi ya kwanza, tulia. Hodi ya pili, nyanyua mguu wa mbele. Ukimwona mgeni yuko mlangoni, kanyaga, zungusha, mkaribishe. Akija upande, juu sana au chini sana, huyo si mgeni wetu, mwache apite. Hawa alinitazama kama mtu mwenye homa, lakini alishika gongo.

Kilichobaki kilikuwa kwangu. Ili yeye ajifunze mpira wa polepole, mimi nilipaswa kurusha polepole. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha pembeni, wanaangalia. Niliurusha juu, na muda wote ule mpira ukiwa hewani nilihisi nimesimama mbele ya dunia nzima bila khanga. Haushuki! Mkono ulikuwa unanikera, unataka kunifunika uso.

Ule wa kwanza niliurusha haraka. Wa pili pia. Hawa akasema, "Dada, na wewe subiri."

Tukacheka sote wawili. Baada ya hapo mpira ukaanza kwenda vizuri. Hawa akawa anasema hodi yeye mwenyewe kwa sauti ya mpira, hooodi, kama mzee mvivu aliyekuja kuomba chumvi. Mpira mmoja aliupiga ukaangukia muhogo wa Bi Fatu uliokuwa umeanikwa, na Bi Fatu akatoka na mwiko. "Huyo mgeni wenu kala kabla ya wenye nyumba!" Tulimwomba radhi, tukamsaidia kupanga vipande upya. Alhamisi tulirudi, na Ijumaa baada ya alasiri.

Siku hizo tatu zilikuwa ndefu kwa namna nzuri. Mpira unapanda, mwanga unakaa juu yake kidogo, nasi wote tuko chini yake tunangoja jambo moja. Sikuwahi kujua kwamba kungoja kunaweza kuwa na raha, ukijua unamngoja nani.

Jana ndipo wasichana wa Masoko waliporudi.

Mara ya kwanza Hawa aliposimama, alisahau kila kitu. Mara tatu, haraka, hewa. Wakaanza tena, "Hawa hewa!" Akanitafuta kwa macho kule pembeni nilikosimama na wengine. Nami nitaandika ukweli, kwa sababu hapa si mbele ya watu: niliinamisha uso. Niliogopa watu wasije wakajua kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Nikaangalia viatu vyangu mpaka nikavionea aibu.

Zamu yake ya pili ilipofika, alitembea kwenda mahali pake kama mtu anayekwenda kuaga. Hakunitafuta tena. Nilijua akikosa hapo, kesho gongo litarudi kwa mwalimu, na hakuna atakayemdai arudi.

Mpira wa kwanza ulikuja upande. Aliuacha upite. Si mgeni wetu.

Wa pili ukatoka mkononi mwa yule msichana mtulivu, ukaanza kupanda.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti yangu. Si ya moyoni, ya mdomoni, na uwanja mzima uligeuka. Na kwa sababu mpira ulikuwa wa polepole, hapakuwa na pa kukimbilia. Ilibidi nibaki pale, nikiangaliwa, mpaka ufike juu. Ulitulia. Nadhani hata pumzi yangu ilitulia nao.

"Hodi!"

Mguu wa Hawa ulinyanyuka. Mpira ukashuka, ukashuka, ukafika mlangoni.

"Karibu!" alisema Hawa, na gongo likalia.

Haukwenda mbali. Ulipita chini, pembeni ya mrushaji, ukajiviringisha kwenye majani. Hawa alisimama akiutazama kama aliyesahau mchezo unaendeleaje, mpaka Mwalimu Chande akapiga kelele, "Kimbia, mtoto!" Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Akafika kituo cha kwanza, akageuka.

"Dada Zai! Mgeni kafika!"

Walicheka, ndiyo. Hata Masoko walicheka. Lakini yeye alikuwa anacheka kuliko wote.

Tulifungwa vibaya sana, nisidanganye. Njiani Hawa hakulitaja hilo hata mara moja. Alikuwa anauliza kama mrushaji akirusha haraka tena, hodi moja itatosha.

Kabla hatujaondoka, mwalimu aliuliza, "Nani alikuwa anabisha hodi uwanjani kwangu?" Vidole vyote vikanielekea. Akasema nipite kwake Jumatatu jioni tuzungumze, kuna wadogo wengi wanaohitaji mtu wa kuwarushia polepole. Nikasema haya, kwa sauti ndogo. Sijui kama alisikia.

Kwake ni kule karibu na msikiti, mlango wa kijani. Nimeupita mara nyingi.

Kesho nitasimama pale. Nitasema hodi, nitaacha mpira upande mpaka juu, utulie. Nitasema tena.

Halafu nisigeuke.