Vifaranga vya Atu vimekufa vimeshiba

Najma, acha unachofanya. Nimetoka kwa Atuganile sasa hivi, hata kuhema siwezi.

Unakumbuka vifaranga vyake vya kambale pale uani Temeke? Vimekufa vyote. Na vimekufa vikiwa vimeshiba, matumbo ndii!

Atu akajua huu ni mkono wa mtu. Asubuhi nzima anamkodolea macho jirani yake Hamisa, eti katia kitu kwenye maji. Mwisho akapasua kimoja, akakichungulia kwa kioo cha kukuzia. Ndani unga wa dagaa, vilevile ulivyoingia, haujasagika hata chembe. Unga ule wa kutilia uji, wa jikoni kwake mwenyewe!

"Nani kawapa dagaa?"

Mama mkwe wake wala hakushtuka. "Mie. Wana njaa, we unawapa vijidudu visivyoonekana."

"Mama, si nilisema! Hawa bado wachanga, tumbo halijatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula kikavu. Wanajaa, na njaa inawaua."

Mama mkwe akacheka. Akacheka, Najma! "Tumbo ni tumbo. Mumeo Erasmus nilimpa uji hata shingo haijakaza, na mwone alivyo dume."

Hapo Atu akageuka. Akamtazama mwanawe mgongoni kwa bibi. Hata kukaa bado, na wiki nzima analia tumbo. Na hilo nalo walishamtwisha Hamisa, kwamba ana kijicho.

"Mama... na huyu umempa nini?"

Bibi akawa anakaza mbeleko tu.