Maji ya Uongo Kwenye Dari

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana kwa wote kama Mama Nywele
Umri: miaka 52
Kazi: msusi
Makazi: mgeni nchini, amefikia kwa rafiki yake, ghorofa ya pili

Nimeitwa kueleza mlango wa mpangaji wa juu ulifunguliwaje, na nimeonywa niseme ninachokijua tu. Nimekubali, ingawa ninachokijua ni kingi.

Nilikuja kumtembelea shoga yangu niliyesoma naye, kwa wiki mbili. Wafanyakazi wa uwanja wa ndege wakagoma, safari yangu ya kurudi ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Shoga yangu anafua mashuka hotelini. Anatoka asubuhi, anarudi jioni. Mimi nabaki ndani, sina kichwa cha kusuka wala mtu wa kupiga naye soga. Basi nikawa nasikiliza dari.

Afande amecheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Juu yetu anakaa mzee mmoja. Uso wake sikuwahi kuuona. Nilimjua kwa miguu, mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa. Kila asubuhi anaenda jikoni, anavuta kiti, anafungua redio, halafu anabishana na mtangazaji. "Muongo mkubwa wewe!" nilimsikia kwa masikio yangu haya. Nikampenda hapo hapo. Nilimuuliza shoga yangu yule ni nani. Akasema, "Sijui, na wewe usitake kujua. Huku watu hawapigiani hodi." Miaka sita anakaa chini ya mtu, hata jina halijui! Iliniuma, ila mgeni utasema nini?

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, redio ilisikika, kama iliyoachwa tangu usiku, lakini miguu haikusikika. Nikasema labda kachoka. Ikafika saa tano, mtangazaji anajisemea atakavyo na hakuna wa kumbishia. Nilipanda, nikapiga hodi mpaka mkono ukauma. Nikampigia simu shoga yangu, akanijibu, "Mwenzangu, usinitafutie balaa."

Nilishuka kwa mwangalizi wa jengo, mwenye funguo za akiba. Alinisikiliza kwa adabu, akasema mtu kutotembea ndani kwake si kosa, na yeye hafungui mlango wa mpangaji ila kwa moto au maji.

Nikamuuliza, "Maji kiasi gani?"

"Yakionekana kwenye dari ya chini, lazima nifungue."

Nilirudi ndani. Nilifunga taulo kwenye ncha ya ufagio, nikalichovya kwenye ndoo, nikailowanisha dari ya jikoni mpaka ikaanza kudondosha. Kisha nikamwita. Alikuja mbio na spana mkononi. Aliitazama dari, akaitazama ndoo, akanitazama mimi nilivyolowa kichwani. Akasema, "Naam. Maji." Akapanda ngazi, mimi nyuma yake.

Afande anauliza kama mwangalizi alijua kuwa ni uongo. Najibu kwamba maji aliyaona kwa macho yake.

Mzee alikuwa sakafuni jikoni, kando ya kiti, mguu umegeuka vibaya, midomo imekauka kabisa. Alikuwa anapumua. Nilipiga magoti nikamshika mkono, baridi tupu. Akafumbua macho, akauliza mimi ni nani.

"Ni mimi wa chini, baba. Pole."

Akanitazama, akasema, "Kumbe ndiwe unayeimba vibaya."

Nililia, afande, na uandike kwamba nililia. Wahudumu wa gari la wagonjwa walisema asingefika jioni. Niliomba kupanda naye wakanikatalia, kwa kuwa si ndugu. Walipouliza jina lake, mwangalizi alijua namba ya mlango tu.

Sina zaidi. Nimesomewa, ni maneno yangu, na uongo wa dari ni wangu peke yangu.

Sahihi: Mama Nywele

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, koplo wa zamu. Shahidi akiwa anatia sahihi, hospitali imepiga simu. Mzee ametoka kwenye upasuaji na amezinduka. Wanauliza ndugu ni nani, maana amesema hana. Shahidi amesema, "Niandike mimi. Mwanawe, wa chini." Nimemweleza kwamba mgomo umekwisha na ndege yake inaondoka kesho asubuhi. Ameniuliza hospitali wanaruhusu wageni saa ngapi.